Haki ya Kiumbe Asiyeonekana

Nyuma ya nyumba ya nyanya yangu, huko Kwale, palikuwa na kisima kikuukuu kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe. Maji yake yalipungua mwaka hata mwaka, mwisho yakaingia chumvi, na watu wakakiacha wakachimba kingine mbali kidogo. Tangu hapo kisima kile kiligeuzwa jaa. Kila kitu kisichotakiwa kilitupwa humo: majivu, vigae, makopo, viatu vilivyokwisha. Siku moja, nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, mjomba wangu alinipa nusu debe ya dawa ya kupe iliyobaki baada ya mbuzi kuoshwa, akaniambia nikaimwage. Nikaimwaga kisimani. Nilisikia mlio wake ulipopiga maji kule chini, kisha nikageuka nirudi, na tazama, nyanya alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakunikaripia. Aliniuliza swali moja tu: "Umemmwagia nani?"

Nilimjibu ya kwamba sikummwagia mtu, kwa kuwa mle hamna kitu.

"Uliingia ukaona?" akauliza, kisha akaenda zake.

Nyanya aliamini kwamba kila kisima kina mwenyewe, na ya kuwa mwenyewe huyo hapendi kuchezewa. Mimi siamini hivyo, wala siwafundishi wanafunzi wangu hivyo. Lakini nimekuja kuona kwamba mtu aweza kuikataa imani ya mzee na bado asiweze kulijibu swali lake. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu, niliwaeleza wanafunzi wangu habari za samaki wasio na macho wanaoishi chini ya ardhi. Kijana mmoja aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, samaki huyo ana faida gani?" Darasa zima likacheka. Sikucheka, kwa sababu lile lilikuwa swali la nyanya lililogeuzwa upande wa pili. Yeye aliuliza ni nani aliye gizani. Kijana aliuliza, hata kama yupo, yatuhusu nini? Insha hii ni jaribio la kuyajibu yote mawili, ijapokuwa sina hakika kama nitafika.

Hebu kwanza tujue tunamsema nani. Watu wengi hudhani kwamba chini ya miguu yetu pana udongo na mwamba mtupu. Sivyo. Mahali penye mawe ya chokaa, maji ya mvua huyeyusha mwamba kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka, yakafanya nyufa, nyufa zikawa mifereji, na mifereji ikawa mapango yenye mito na maziwa yake. Mahali palipomwagika mawe ya volkeno, pana mabomba na vitundu vya namna nyingine. Hata katika mchanga na changarawe maji hukaa katika nafasi zilizo kati ya chembe na chembe. Humo mote mna viumbe: uduvi wasio na rangi, konokono walio wadogo kuliko punje ya mtama, buibui, nge, dundu, jongoo, samaki, na hata mnyama wa ukoo wa chura.

Maisha yao ni ya shida, au tuseme ni ya uangalifu. Pasipo jua hapawezi kumea jani, basi chakula karibu chote hutoka juu: majani yaliyochukuliwa na mafuriko, mizizi iliyopenya, mavi ya popo. Kwa kuwa chakula ni haba, viumbe hawa hukua polepole, huzaa kwa nadra, na wengi wao huishi muda mrefu kupita ndugu zao wa juani. Macho hayawafai, basi vizazi hata vizazi yamefifia yakapotea. Rangi nayo imepotea, kwa maana nani ataitazama? Badala yake wengi wana papasi ndefu, miguu mirefu, na hisia za kunusa na kugusa zilizo kali mno. Tusiwaonee huruma kama walemavu. Mwenye kuhitaji huruma humo pangoni ni sisi, tunaoingia na taa na kamba na kujigonga vichwa.

Aliye mashuhuri kuliko wote ni yule mnyama wa Ulaya ambaye watu wa Slovenia humwita samaki-mtu, kwa sababu ngozi yake hufanana na ya Mzungu. Wataalamu humwita Proteus anguinus. Ana umbo kama la mjusi mrefu mwembamba, miguu midogo, na matamvua mekundu ya kuvutia pumzi kandokando ya shingo. Huishi katika maji ya mapangoni kutoka kaskazini-mashariki ya Italia, kupita Slovenia na Croatia, hata Bosnia na Herzegovina. Zamani mvua kubwa zilipowatoa nje wanyama hawa katika chemchemi, wakulima walidhani ni watoto wa joka likaalo chini ya mlima. Bwana mmoja mwenye elimu, Valvasor, aliandika habari hiyo mwaka 1689. Wazee wa kule nao waliamini kwamba maji yana mwenyewe. Na walipoinama watazame, walimwona.

Wataalamu wamekadiria kwamba samaki-mtu aweza kuishi zaidi ya miaka 100, na kwamba jike hutaga mara moja tu katika miaka 12 hivi. Katika maji ya Bosnia na Herzegovina, wazamiaji waliwatia alama wanyama hawa na kurudi kuwatafuta mwaka baada ya mwaka. Mmoja alikutwa pale pale alipoachwa baada ya siku 2,569, yaani zaidi ya miaka saba. Wewe mwanafunzi, tangu ulipoanza kujifunza kusoma hata uingie shule ya sekondari, hujapita miaka mingi kuliko hiyo.

Nimesema habari za Ulaya kwanza, na pengine msomaji ataniuliza kwa nini. Sababu yenyewe ni sehemu ya hoja yangu. Ukitazama ramani ya dunia inayoonyesha mahali walipopatikana viumbe wa mapangoni, utaona madoa mengi sana katika milima ya chokaa ya nchi zile nilizozitaja. Katika mapango ya Postojna na Planina peke yake, yaliyounganishwa na mto mmoja, zimehesabiwa aina zaidi ya 80 za viumbe wasioweza kuishi mahali pengine ila chini ya ardhi. Ukienda kaskazini ya Ulaya, madoa hupungua ghafula, kwa sababu maelfu ya miaka iliyopita nchi zile zilifunikwa na barafu nene, na viumbe wengi wa chini walikufa. Hiyo ni sababu ya kweli. Kisha utatazama Afrika, na utaona nafasi kubwa nyeupe. Je, barafu ilifika huku? Haikufika. Nyeupe ile ina maana nyingine: watafutaji ni wachache, na mahali pengi hapana mtu aliyeingia akaona. Ramani ya wanyama wa gizani ni pia ramani ya watu wenye taa. Dundu wa kwanza wa pangoni alipatikana Postojna mwaka 1831, na tangu wakati huo watu wa kule hawajaacha kutafuta. Sisi tumeanza juzi.

Hata hivyo, kila mahali hapa Afrika palipotafutwa, aghalabu kitu kimepatikana. Jirani zetu wa Somalia wana aina tatu za samaki vipofu wa maji ya chini ya ardhi, na zote zilielezwa na wataalamu wa Italia katika miaka ya 1920. Mmoja ni wa ukoo wa kambare. Mwingine, aitwaye Phreatichthys, hana macho, hana magamba, hana rangi. Mwaka 2011 wataalamu walichapisha habari ya ajabu juu yake. Karibu kila kiumbe, nasi tumo, ana saa ndani ya mwili wake inayofuata mchana na usiku. Huyu, aliyeachana na jua tangu zamani mno, mwanga hauigusi saa yake hata kidogo. Lakini saa haikufa. Akilishwa wakati ule ule kila siku, huufuata wakati wa chakula. Na chembe za mwili wake zikizinduliwa kwa dawa, huzunguka kwa muda wa karibu saa 47, kana kwamba siku yake ni mara mbili ya yetu. Katika nchi ya Kongo, upande wa magharibi ulio karibu na mto mkubwa unapoelekea baharini, yuko samaki mwingine kipofu, Caecobarbus, aliyejulikana tangu 1921. Aliwahi kuvuliwa na kuuzwa nje ili awekwe katika vioo vya nyumbani, mpaka biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa.

Sasa turudi kwa yule kijana na swali lake la faida.

Jibu lililo rahisi ni kumwonyesha faida. Wadudu wadogo wa maji ya ardhini hula uchafu na vijidudu, hutembea katika vitundu vya mwamba na kuvizuia visizibe, na hivyo husaidia kuyatunza maji tunayokunywa. Ni kweli, nami ningefurahi kila mwanafunzi alijue jambo hilo. Watu wa Mombasa wanakunywa maji ya Mzima, nayo ni mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Chyulu, ikazama katika mawe ya volkeno, ikasafiri gizani, na kutokea mbali ikiwa safi kama kioo. Tangu miaka ya 1950 bomba limeyachukua maji hayo mpaka pwani. Hapana mtu anayeijua njia yote ya gizani maji yale yanayopita, lakini kila afunguaye mfereji mjini anaitegemea.

Walakini jibu hili haliniridhishi, na nitasema kwa nini. Anayemtetea mtu kwa faida yake peke yake amekwisha kumuuza. Kilichobaki ni kupatana bei. Ikiwa uduvi wa kisimani ana haki ya kuishi kwa sababu anasafisha maji, basi siku tutakapopata chujio rahisi, haki yake itakuwa imekwisha. Hatusemi hivyo juu ya mzee asiyeweza tena kulima. Tena wengi wa viumbe hawa hawana faida yo yote tunayoijua. Nikimwambia kijana kwamba wote wana faida, nitakuwa nasema uwongo kwa ajili ya jambo jema, na mwalimu hana ruhusa ya kufanya hivyo.

Wengine husema tuwatunze kwa uzuri wao. Simba, twiga na ndovu wametetewa sana kwa njia hiyo, na picha zao zimeuzwa kila mahali. Lakini uzuri ni wa macho, na sisi tunamsema kiumbe ambaye karibu hapana jicho litakalomwona, wala yeye mwenyewe hana jicho la kujiona.

Mimi naona kwamba nguvu ya swali iko mahali pengine, nayo ni mahali viumbe hawa wanapoishi na jinsi walivyogawanyika. Simba akiuawa Tsavo, ni hasara, lakini wako simba Mara, na Serengeti, na kusini ya Afrika. Kiumbe wa gizani hana pa kwenda. Hawezi kutoka pangoni avuke bonde lenye jua aingie pango jingine. Kilima chake ni kisiwa, na nchi kavu yenye mwanga ndiyo bahari imzungukayo. Katika jangwa la Western Australia pana mabaki ya mito ya kale yaliyojaa chokaa na maji. Humo wamepatikana makumi ya aina za dundu wa majini wasio na macho, na aghalabu kila bwawa la chini lina dundu wake lenyewe, wasiopatikana katika bwawa la pili. Basi mtu aweza, kwa kazi ya mwezi mmoja, kuondoa katika ulimwengu ukoo mzima uliodumu miaka mamilioni, na jioni akarudi nyumbani akala chakula chake bila kujua kwamba amefanya neno lo lote.

Jambo kama hilo pengine limekwisha kutokea. Mwaka 2006, huko Israeli, wachimbaji wa mawe ya chokaa karibu na mji wa Ramla walifungua bila kukusudia mlango wa pango lililokuwa limezibwa kabisa. Ndani mlikuwa na ziwa dogo na viumbe wasiojulikana, kati yao kamba wa majini asiye na macho. Palikuwa pia na nge wa aina mpya. Nge wote waliopatikana walikuwa wamekwisha kufa. Imebaki mizoga yao mikavu. Wataalamu wanadhani kwamba maji yalivutwa mno kwa mitambo, ziwa likashuka, na chakula cha nge kikatoweka. Kiumbe yule alipewa jina mwaka 2007. Tulimjua tayari akiwa maiti, na ikiwa hapana wengine waliojificha, basi jina lake liliandikwa kama majina yaandikwavyo juu ya kaburi.

Nani wa kulaumiwa? Hapo ndipo ninapokwama. Waliovuta maji walikuwa watu wenye haja ya maji. Mfugaji wa Somalia anayechimba kisima wakati wa kiangazi, ng'ombe wake wakiwa wamelala chini, hapana mwenye haki ya kumwambia aache kwa ajili ya samaki. Ningekuwa mimi ningechimba, na ningemchota samaki yule pamoja na maji bila kujuta. Kiu ya mtu ni hoja ambayo sijui jibu lake, wala sitaki kulijua.

Lakini si kila anayeharibu ana kiu. Huko huko Western Australia, katika nchi ya Pilbara, viko vilima vyenye bapa juu ambavyo ni chuma kitupu. Ndani ya nyufa zake waligunduliwa viumbe wa gizani wa jamii iliyo karibu na buibui, urefu wao milimita chache tu, na kila kilima kina aina yake. Mwaka 2007 baraza la serikali la kutoa shauri juu ya mazingira lilisema mgodi mmoja usikubaliwe kwa ajili ya wadudu hao. Fikiri jambo hilo: kilima cha mali, na kwa upande wa pili wa mizani vijidudu visivyofika ukucha wa kidole cha mwisho! Watu wengi walicheka kama lilivyocheka darasa langu. Baada ya rufani, mgodi ulikubaliwa, kwa sharti kwamba sehemu ya kilima iachwe bila kuguswa. Wako wanaosema ilikuwa haki, kwa kuwa kila upande ulipata. Mimi najiuliza kama nusu ya nyumba ni nyumba. Hata hivyo naliheshimu baraza lile kwa jambo moja: kabla ya kilima kuvunjwa, mtu alitumwa aingie akaone.

Nami sikuingia nikaona. Hilo ndilo kosa langu la siku ile, na nadhani ni kosa tofauti na ukatili. Mkatili humjua anayemuumiza. Mimi nilisema "hamna kitu" hali nilikuwa na maana ya "sioni kitu", na maneno haya mawili yako mbali kuliko Kwale na Slovenia. Nilichukua ujinga wangu nikaufanya kibali. Ikiwa mtu asiyejua kama chumba kina watu anatupa jiwe ndani, halafu ikaonekana kwamba hamkuwa na mtu, je, hana lawama? Niliwauliza darasa swali hili. Wengi walisema ana lawama. Kijana wangu alisema hana, maana hakuna aliyeumia, na akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyeshika jambo, "Na jiwe si la kulaumiwa wala giza si la kulaumiwa." Tukagombana mpaka kengele ikalia. Mimi bado nasema ana lawama, lakini yule kijana amenifanya nitafute sababu zilizo bora kuliko nilizokuwa nazo, na shukrani yake ni hii insha.

Nyanya alikwisha kufariki. Likizo iliyopita nilikwenda kumwamkia mjomba, ambaye siku hizi ni mzee na ana gari la kubebea nazi. Nilimkuta uani na ndoo ya oili chafu aliyoitoa katika injini, akielekea nyuma ya nyumba. Nilimfuata, nikamsihi asiimwage kisimani.

"Kwani mna nini mle?" akaniuliza.

"Sijui, mjomba."

"Kama hujui, wanizuia kwa nini?"

Akaiweka ndoo chini, akakaa juu ya ukuta wa kisima apumzike. Nikakaa karibu naye, nikaanza kumweleza habari za samaki wa Somalia.